Hesabu ya hasara itangulie ndoto ya faida

Miongoni mwa maswali ambayo walimu wa hisabati wamekuwa wakiulizwa tangu jadi, hakuna lililozeeka kama hili: "Mwalimu, hesabu hii itanifaa nini nikishatoka shuleni?" Mwalimu mwenye subira hujibu kwa kumtaja fundi wa ujenzi, mwenye duka na karani wa benki. Aliyechoka humwambia mwanafunzi anyamaze na kuandika. Leo kuna jibu la tatu, nalo ni ghali kuliko yote mawili. Kijana aliyemaliza shule juzi anaweza, akiwa na simu mkononi na shilingi elfu chache alizopewa na mjomba wake, kununua yuro na kuuza dola kwa bei zinazotokana na soko wanamofanyia biashara mabenki makubwa ya London na New York. Huko aendako, ile hesabu ya uwiano aliyoidharau darasani ndiyo itakayoamua kama fedha hizo zitaonekana tena.

Soko lenyewe ni bahari isiyo na ufuo. Benki ya Malipo ya Kimataifa, yenye makao yake mjini Basel, Uswisi, hulipima kila baada ya miaka mitatu. Mnamo Aprili 2022 ilikadiria kwamba sarafu zilizobadilishana mikono kwa siku moja zilikuwa na thamani ya dola trilioni 7.5, na kufikia 2025 kiasi hicho kilikuwa kimezidi trilioni 9. Katika maji kama hayo, dola 500 za kijana wa Kenya si hata tone.

Kwetu, mlango wa bahari hii ulifungwa kwa muda mrefu. Wazee wanakumbuka enzi ambapo mtu kuweka fedha za kigeni bila idhini lilikuwa kosa mbele ya sheria. Mageuzi ya miaka ya tisini yaliiacha shilingi ielee kwa nguvu za soko kuanzia 1993, na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ikafutwa mwishoni mwa 1995. Mwaka 2017 zikatungwa kanuni za biashara ya sarafu kupitia intaneti, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kumtaka kila dalali wa biashara hiyo awe na leseni. Mlango ukawa wazi. Kilichosahauliwa ni kumpa anayeingia kipimo cha kina cha maji.

Sikusudii hapa kumshawishi mtu yeyote aingie katika biashara hii, wala sina uwezo wa kumfukuza aliyekwisha kuingia. Ninalotaka kusema ni jambo moja, nalo ni la mpangilio. Katika biashara ya sarafu kuna hesabu tatu: umbali wa kikomo cha hasara, ukubwa wa biashara, na dhamana. Anayezifanya kwa utaratibu huo hujua hasara yake kabla hajabonyeza kitufe. Anayeanza na ya mwisho, kama wafanyavyo wengi, huwa ameikabidhi hasara yake kwa soko liamue.

Mahindi kwanza

Tuanze katika soko la Kitale kabla ya kwenda London. Tuseme kuna mama anayefanya biashara ya mahindi. Ameketi na daftari lake, akaamua kwamba mambo yakienda kombo wiki hii yuko tayari kupoteza shilingi 1,000, wala si senti zaidi. Aidha, ameamua kwamba akinunua kilo kwa shilingi 40 na bei ikaporomoka hadi shilingi 35, atayauza mahindi yote mara moja, aikubali hasara na kurejea nyumbani. Je, anunue kilo ngapi?

Mwanafunzi wa shule ya msingi ataliona jibu. Kila kilo inaweza kumpotezea mama huyu shilingi 5. Elfu moja ukiigawa kwa tano unapata 200. Basi na anunue kilo 200. Lau angeamua kuvumilia mpaka bei ifike shilingi 30, kila kilo ingebeba hatari ya shilingi 10, naye angelazimika kununua kilo 100 tu. Umbali wa kikomo ukiongezeka maradufu, mzigo hupungua kwa nusu, ilhali hasara inabaki pale pale. Huu ndio uwiano wa kinyume, ule ule wa watu watano wanaolima shamba kwa siku nne na watu kumi wanaolilima kwa siku mbili.

Sasa tuongeze jambo. Tuseme mwenye ghala anamwamini mama huyu, hivyo anamruhusu achukue kilo zake 200, zenye thamani ya shilingi 8,000, kwa kutanguliza arubuni ya sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 800. Je, hatari imepungua kwa kuwa ametoa shilingi 800 pekee? La, hasha! Bei ikishuka hadi shilingi 35, bado atakuwa amepoteza shilingi 1,000. Arubuni yote itakuwa imekwenda, na juu yake deni la shilingi 200. Arubuni haikupima hatari. Ilipima tu fedha zilizotakiwa mlangoni.

Mwalimu atakayewaelewesha wanafunzi wake mfano huu atakuwa amefundisha karibu yote yanayohitajika. Yaliyobaki ni majina.

Kutoka kilo hadi pipu

Bei ya yuro kwa dola huandikwa kwa tarakimu nne baada ya nukta, mathalan 1.1000, ingawa madalali wengi huongeza ya tano. Badiliko dogo katika tarakimu ya nne, kutoka 1.1000 hadi 1.1001, huitwa pipu. Sarafu nazo huuzwa kwa loti. Loti moja kamili ni yuro 100,000, na madalali wengi huruhusu kiwango cha chini cha sehemu moja ya mia ya loti, yaani yuro 1,000. Kikomo cha hasara ni amri anayoiacha mnunuzi kwa dalali wake: bei ikifika mahali fulani, funga biashara hii bila ya kunisubiri. Dhamana ni ile arubuni ya mwenye ghala, yaani sehemu ya fedha za mnunuzi ambayo dalali huizuia biashara ikiwa wazi, yeye akibeba sehemu iliyosalia. Dalali akikuruhusu ushike sarafu za dola 100 kwa dhamana ya dola 1, husemwa kwamba uwiano wake ni 1 kwa 100.

Tuchukue basi kijana mwenye akaunti ya dola 500. Swali la kwanza ni lile la mama wa Kitale: niko tayari kupoteza kiasi gani nikikosea? Wazoefu wengi wa kazi hii hutaja asilimia 1 ya akaunti kwa biashara moja, wengine mbili. Tuchukue moja. Hiyo ni dola 5.

Swali la pili ni la kutazama soko wala si mfuko. Ni bei gani ambayo soko likiifikia litakuwa limenithibitishia kwamba niliwaza vibaya? Tuseme kijana ananunua yuro kwa 1.1000, na kwa kuchunguza mwendo wa bei ameona kwamba ikishuka hadi 1.0975 hoja yake itakuwa imevunjika. Hapo ndipo pa kuweka kikomo. Umbali ni pipu 25, yaani dola 0.0025 kwa kila yuro. Umbali huu na upimwe kutoka bei atakayonunulia hasa, kwa sababu dalali huuza kwa bei iliyo juu kidogo ya ile anayonunulia, na tofauti hiyo ni gharama ya mteja tangu dakika ya kwanza.

Swali la tatu sasa hujijibu lenyewe. Gawa fedha ulizo tayari kupoteza kwa umbali wa kikomo. Dola 5 ukizigawa kwa 0.0025 unapata yuro 2,000, yaani sehemu mbili za mia za loti. Hakiki: yuro 2,000 mara 0.0025 ni dola 5. Hesabu imerudi nyumbani.

Ni baada ya hapo tu ndipo kijana atakapouliza habari za dhamana. Yuro 2,000 kwa bei ya 1.1000 zina thamani ya dola 2,200. Kwa uwiano wa 1 kwa 100, dhamana ni dola 22. Kwa uwiano wa 1 kwa 400, ni dola 5 na senti 50. Kwa 1 kwa 50, ni dola 44, na kwa 1 kwa 30, ni dola 73 na senti 33. Mwalimu na aziandike namba hizo nne ubaoni, kisha awaulize wanafunzi: kikomo kikiguswa, ni nani kati ya wanne hawa atakayepoteza zaidi? Wengi watamtaja wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyetoa dhamana kubwa. Wengine watamtaja wa 1 kwa 400, kwa kuwa wamesikia kwamba mkopo mkubwa ni hatari. Wote watakuwa wamekosea. Kila mmoja atapoteza dola 5, kwa maana wote wameshika yuro 2,000 na wote wana kikomo cha pipu 25. Dhamana ni fedha zilizozuiliwa. Hasara ni mwendo wa bei mara ukubwa wa mzigo.

Wakati mwingine hesabu hukataa. Tuseme soko lina mawimbi makubwa, na kikomo cha haki ni umbali wa pipu 100. Dola 5 kugawa kwa 0.0100 ni yuro 500, nacho ni kiwango kilicho chini ya kile kidogo kabisa ambacho dalali anakubali. Jibu sahihi la hesabu hiyo ni kutonunua. Wanafunzi wetu wamezoea kuamini kwamba kila swali la mtihani lina jibu la kuandikwa, kwa hiyo kijana atajaribu kulilazimisha. Atanunua yuro 1,000 na kusema kwamba dola 10 si nyingi, au atakisogeza kikomo karibu ili namba zikubali. Katika hali zote mbili ameacha kuitumia hesabu, akaanza kuihonga.

Yeni ya Japani ina utaratibu wake, na inafaa kwa wanafunzi waliosonga mbele kidogo. Bei yake kwa dola huwa na tarakimu mbili baada ya nukta, hivyo pipu ni yeni 0.01, na hasara huhesabiwa kwa yeni kabla ya kugeuzwa kuwa dola. Anayenunua dola kwa yeni 150.00 na kuweka kikomo kwenye 149.70 ana umbali wa yeni 0.30. Dola zake 5 za hatari, kwa bei ya 149.70, ni yeni 748.50. Ukizigawa kwa 0.30 unapata dola 2,495. Dalali hakubali kiasi hicho chenye ncha, kwa hiyo kijana hana budi kuchagua kati ya 2,000 na 3,000. Darasani tumefundishwa kukadiria hadi namba iliyo karibu zaidi. Hapa kanuni ni nyingine: teremka daima. Kwa dola 2,000 hasara itakuwa yeni 600, yaani takriban dola 4. Kupanda hadi 3,000 ni kujiongezea hatari ambayo hukuikubali ulipokuwa na akili tulivu.

Kuanzia mkiani

Tumtazame sasa kijana wa pili, mwenye dola 500 zile zile, ambaye dalali wake anampa uwiano wa 1 kwa 400. Huyu hakuanza na daftari. Alianza na simu. Kioo kilimwonyesha kwamba anaweza kununua loti moja kamili, yuro 100,000, kwa dhamana ya dola 275 tu, na kwamba zingesalia dola 225 bila kazi. Akaona kwamba ana nafasi, akanunua. Kila pipu sasa ni dola 10. Kikomo kile kile cha pipu 25 kitamgharimu dola 250, nusu ya mali yake yote, kwa mwendo wa bei usiofikia robo ya asilimia moja.

Tuseme hakuweka kikomo. Madalali wengi huifunga biashara kwa nguvu fedha za mteja zikipungua hadi sehemu fulani ya dhamana. Sehemu hiyo ikiwa ni nusu, biashara itafungwa pale akaunti itakapobaki na dola 137 na senti 50, yaani bei ikienda kinyume kwa pipu 36 na kidogo. Yuro husafiri umbali huo mara nyingi kati ya staftahi na chakula cha jioni, bila ya tukio lolote la kutangazwa redioni. Huenda kijana alikuwa na hoja nzuri, na kesho yake yuro ikapanda kama alivyotabiri. Haitamsaidia, kwa sababu hatakuwamo.

Kosa lake halikuwa kutabiri vibaya. Alilisoma jibu la swali la nne, "dalali ataniruhusu kiasi gani?", akadhani ni jibu la swali la kwanza, "naweza kupoteza kiasi gani?" Mwenye ghala anaweza kumruhusu mama wa Kitale achukue magunia mia. Ruhusa hiyo inatuambia habari za ghala. Habari za mfuko wa mama zimo katika daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema hivyo kabla ya mali kuanza kupotea kwa kasi ya umeme.

Ipo pia hila ya kikomo kifupi, inayowanasa hata waliojifunza hesabu hii. Kijana huona kwamba umbali ukiwa pipu 5 badala ya 25, dola zake 5 zitamruhusu kushika yuro 10,000. Kwa karatasi, ni kweli. Lakini kikomo cha pipu 5 kimewekwa ndani ya mtikisiko wa kawaida wa bei, kama mtu aliyejenga kibanda mahali ambapo maji hufika kila siku yakijaa. Tofauti ya bei ya dalali ikiwa pipu moja na nusu, theluthi moja hivi ya umbali huo imekwisha kuliwa kabla ya soko kusogea. Umbali hutokana na soko, na ukubwa hutokana na umbali. Anayeugeuza mpangilio huo ili apate mzigo mkubwa atakuwa sahihi katika kugawanya na mkosefu katika kila kitu kingine.

Vivyo hivyo kwa anayefungua biashara mbili na kuhesabu kila moja peke yake. Anayenunua yuro kwa dola, na papo hapo akanunua pauni ya Uingereza kwa dola, aghalabu amefanya biashara moja mara mbili, maana dola ikipata nguvu zote mbili huanguka pamoja. Hatari ya asilimia 1 na nyingine ya asilimia 1 ni hatari ya asilimia 2, na daftari halina budi kuzijumlisha.

Kwa nini asilimia moja?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini nijibane hivyo? Jibu limo katika hesabu ya vipeo. Tuseme mtu amekosea mara kumi mfululizo. Hilo si muujiza, kwa kuwa hata sarafu ya kurushwa hewani huangukia upande mmoja mara nyingi mfululizo ukiirusha muda mrefu. Aliyehatarisha asilimia 1 kila mara, akaunti yake itakuwa 500 mara 0.99 kwa kipeo cha kumi, yaani takriban dola 452. Ameumia, lakini yu hai. Aliyehatarisha asilimia 10 atabaki na 500 mara 0.9 kwa kipeo cha kumi, dola 174 hivi.

Na njia ya kurudi haina urefu sawa na njia ya kwenda. Aliyepoteza asilimia 10 anahitaji faida ya asilimia 11 na kidogo ili arejee alipokuwa. Aliyepoteza asilimia 50 anahitaji asilimia 100. Aliyepoteza asilimia 90 anahitaji asilimia 900. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika biashara hii ukuta huongezeka urefu kwa kasi kuliko ufa.

Siku kikomo kilipopuuzwa

Itakuwa udanganyifu kuyasema haya yote na kunyamazia udhaifu wa hesabu yenyewe. Imejengwa juu ya dhana kwamba kikomo kitatekelezwa pale kilipowekwa. Kwa kawaida hutekelezwa, au hukosa kwa pipu chache. Lakini kuna siku soko huruka badala ya kutembea.

Tangu Septemba 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeapa kutoiruhusu yuro ishuke chini ya faranga 1.20 za Uswisi. Watu wengi waliuchukua ukuta huo kuwa wa milele. Mnamo Januari 15, 2015, bila ya onyo, benki hiyo iliuondoa. Kwa dakika kadhaa yuro ilianguka hadi chini ya faranga moja. Tuchukue mtu aliyekuwa ameshika yuro 100,000 alizonunua kwa 1.2010, na kikomo chake kikiwa 1.1990. Hesabu yake ilimwambia atapoteza faranga 200. Ikiwa mnunuzi wa kwanza aliyepatikana alitoa 1.0500, alipoteza faranga 15,100. Kampuni ya FXCM ya Marekani ilitangaza kwamba wateja wake walikuwa na upungufu wa takriban dola milioni 225, nayo ikanusurika kwa mkopo wa dharura wa dola milioni 300. Alpari ya Uingereza ilifilisika.

Funzo ni kwamba kikomo ni amri ya kuuza, na amri ya kuuza huhitaji mnunuzi. Ndiyo maana wenye busara hupunguza mzigo zaidi ya hesabu inavyodai siku za matangazo makubwa ya mabenki kuu, na hawalali na mzigo mkubwa mwishoni mwa juma soko likiwa limefungwa. Aliyeshika kidogo aliumia siku ile, lakini aliyeshika kila alichoruhusiwa aliangamia na kubaki na deni.

Serikali kadhaa zimeisoma hesabu hii. Marekani iliweka mwaka 2010 kiwango cha juu cha 1 kwa 50 kwa sarafu kubwa. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji katika Umoja wa Ulaya, iliweka 1 kwa 30 kwa wateja wa kawaida, baada ya kueleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja hao katika mikataba ya tofauti za bei, inayojumuisha sarafu, hupoteza fedha. Kwa nini wabane uwiano, nasi tumeonyesha kwamba dhamana haibadilishi hasara? Kwa sababu sheria haiwezi kumlazimisha mtu apige hesabu, lakini inaweza kupunguza ukubwa wa kosa la asiyepiga. Mwenye dola 500 aliyebanwa kwa 1 kwa 30 hawezi kushika zaidi ya yuro 13,600 hivi, na pipu 25 zitamgharimu dola 34, yaani asilimia 7 ya mali yake. Kwa 1 kwa 400, kiwango chake cha juu kinapita yuro 181,000, na pipu hizo 25 zingemeza takriban asilimia 91. Uwiano ni uzio wa asiye na daftari. Mwenye daftari hauhitaji.

Kwa walimu

Najua wapo walimu watakaosema kwamba kuyaleta haya darasani ni kuwafundisha watoto kamari. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini anayewafundisha hayupo darasani. Yumo ndani ya simu, anawaonyesha magari na saa za dhahabu, anawauzia mafunzo, wala hawatajii mgawanyo hata mmoja. Kijana aliyepiga hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe huona jambo ambalo muuza ndoto hawezi kumwambia: kwamba akaunti ya dola 500 inayoendeshwa kwa uangalifu huweka rehani dola 5 kutafuta dola 5 au 10, na kwamba mapato ya namna hiyo hayamlishi mtu wala hayampangishi chumba. Anayeahidi kuzigeuza dola hizo kuwa gari kwa mwezi mmoja, anaahidi kwa kuzihatarisha zote. Hesabu haimwonyeshi kijana bei itakwenda wapi. Inamwonyesha jinsi ya kumtambua mwongo.

Basi na liwe zoezi la chaki na ubao, bila ya simu. Wape wanafunzi bei, kikomo na akaunti, watafute ukubwa, kisha dhamana. Wape swali ambalo jibu lake ni kutonunua, uone ni wangapi watakaothubutu kuliandika. Kisha, kabla kengele haijalia, wape la mwisho: kijana ana shilingi 65,000 za karo ya chuo, na muhula unaanza baada ya wiki mbili. Anaona yuro itapanda, na kikomo chake ni pipu 25. Anunue kiasi gani?

Watakimbilia umbali, watakimbilia bei ya dola. Warudishe kwenye swali la kwanza: kati ya fedha hizo, ni kiasi gani ambacho yuko tayari kupoteza? Karo ni sifuri. Na sifuri ukiigawa kwa pipu 25, kwa pipu 100, au kwa umbali wowote ule ambao soko litakuchagulia, jibu ni sifuri.